Santuri, Kanda na Kisanduku cha Ex-UK: Nani Ametunza Nyimbo za Eldoret?

Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodia ndani ya lori, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Huko alirekodi wasichana wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swara. Kiumbe huyo alikuwa amezaliwa kutokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimepenya hadi vijijini pamoja na gramafoni za Wazungu. Sauti za wasichana wale zilikwenda Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha rasmi mwaka wa 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Mwaka wa 2015, watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ndipo waliporudi Kapkatet na nakala mikononi. Walimkuta mmoja wa waliorekodiwa, akiwa mzee. Miaka 65 ilikuwa imepita.

Makala haya yanahusu Eldoret, lakini yalianzia Kapkatet kwa sababu swali ni lile lile. Muziki na picha vimekuwa vikiingia katika nyumba za Uasin Gishu kwa zaidi ya miaka mia moja. Kila chombo kipya kimebadilisha mambo mawili: nani anachagua kinachosikika, na nani anabaki nacho kesho yake. Hilo la pili halizungumzwi sana, nami naona ndilo zito. Leo, chini ya runinga katika nyumba kadhaa za Kapsoya, Langas na Elgon View, kuna kompyuta ndogo ya mezani yenye ukubwa wa kitabu cha kiada, iliyostaafishwa na ofisi fulani Ulaya. Kazi inayoweza kuifanya inaeleweka vizuri zaidi ukijua vyombo vilivyoitangulia.

Mji wenyewe ni mtoto wa barabara na reli. Makaburu walipanda nyanda hizi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka wa 1908. Posta ikafunguliwa katika shamba namba 64 mwaka wa 1910, jina la Eldoret likaja mwaka wa 1912, na reli ikafika mwaka wa 1924. Gramafoni zilifika na watu hao pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi waliofuata. Zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, hazikuhitaji umeme, na upande mmoja wa santuri ulimalizika baada ya dakika tatu hivi. Mwafrika aliyefanya kazi katika nyumba ya mlowezi ndiye aliyekuwa msikilizaji wa pembeni: alisikia ukutani, akabeba wimbo kichwani hadi kwao.

Huko pwani mambo yalikuwa yamekwenda mbele zaidi. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake za Kiswahili zikauzwa Afrika Mashariki yote. Mwaka huo huo matangazo ya redio yakaanza Nairobi, yakilenga walowezi. Kwa hiyo wakati mmoja palikuwa na njia mbili. Redio ilikuja bila kuulizwa, ikaondoka. Santuri ilinunuliwa, ikawekwa kabatini, ikachezwa tena mgeni alipofika.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hasa miaka ya 1960, biashara ya santuri ilikuja karibu na bonde letu. Chandarana wa Kericho walirekodi na kuuza muziki wa Wakipsigis na benga la Waluo, na kutoka maeneo hayo sauti ya gitaa la Kipchamba arap Tapotuk ikajulikana katika kila soko la Kalenjin. Ninawaheshimu sana wauzaji hao wa miji midogo. Bila wao, sehemu kubwa ya muziki wa Bonde la Ufa isingepata mahali popote pa kurekodiwa, maana kampuni kubwa za Nairobi zilitazama kwanza wimbo utakaouzwa nchi nzima. Ladha ya muziki wa kantri nayo ilibaki. Ile mbegu ya Jimmie Rodgers ilikuja kumwagiliwa na Jim Reeves, kisha Kenny Rogers na Don Williams, na hadi leo ukipita mbele ya baa nyingi za Eldoret jioni utasikia kantri kabla hujasikia kitu kingine.

Redio ndiyo iliyotawala, hata hivyo. Sauti ya Kenya, iliyochukuliwa na serikali mwaka wa 1964, ilikuwa saa ya nyumba na gazeti lake. Betri zilipochoka ziliwekwa juani zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" cha Leonard Mambo Mbotela kilifundisha adabu kizazi kizima. Ni Mbotela huyo huyo ambaye tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimtoa nyumbani na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo nchi nzima iliona jinsi sauti ya kila sebule ilivyoning'inia kwenye chumba kimoja Nairobi.

Runinga ilianza nchini mwaka wa 1962, lakini nyumba nyingi za Eldoret na viunga vyake ziliijua kwa kweli katika miaka ya 1980 na 1990, ilipokuja Great Wall ya Kichina, nyeusi na nyeupe, iliyoweza kutumia betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kuchajiwa, ikarudishwa kwa baiskeli au mkokoteni, na jirani wote walijua siku ya kurudi kwake. Watoto walikaa sakafuni, wazee kwenye viti, kipindi cha vichekesho cha "Vitimbi" kikaanza. Aliyekuwa na runinga alikuwa na wageni kila wiki, apende asipende.

Kisha kanda. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kanda ya kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka wa 1963, ndiyo mapinduzi makubwa kuliko yote katika hadithi hii, na huwa inapewa sifa ndogo kuliko inavyostahili. Santuri ilikuwezesha kuchagua na kuweka, lakini haikukuwezesha kurekodi. Kanda ilikupa kitufe chekundu. Ulibonyeza viwili pamoja, ukanasa wimbo wa redio, ukimlaani mtangazaji anayezungumza juu ya gitaa la mwisho. Muhimu zaidi, ulinasa watu wako. Katika nyumba nyingi za Uasin Gishu na Nandi kuna kanda za kwaya ya kanisa, za hotuba ya babu siku ya kugawa shamba, za nyimbo za harusi, za bibi akisimulia jinsi familia ilivyohama. Hakuna studio iliyowahi kuzitaka. Waliozirekodi hawakuwa na nia ya kuhifadhi historia, ila wameihifadhi, na kwa Kikalenjin safi ambacho wajukuu wengi wa mjini sasa wanakisikia kwa shida.

Udhaifu wa kanda unajulikana. Utepe wake ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku. Unga hubanduka, utepe hunyooka, mashine huutafuna. Na kila nakala ya nakala hupoteza kidogo, hadi sauti inabaki kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa.

Mikanda ya video ilileta hayo hayo kwa picha. Mtindo wa VHS, uliotoka Japani mwaka wa 1976, ulifika hapa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vibanda vya video: chumba cha mabati, madawati, pazia jeusi, na filamu za Hong Kong na Hollywood. Humo ndimo sanaa ya kusimulia filamu kwa Kiswahili ilipokomaa, na jina la DJ Afro likawa kubwa kuliko majina ya waigizaji wenyewe. Tanzania walikuwa na Lufufu wao kwa kazi hiyo hiyo. Wako wanaoidharau sanaa hii. Mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi za lugha zilizo hai kabisa Afrika Mashariki, maana msimulizi anaichukua filamu ya kigeni na kuwaweka ndani yake watu wa mtaani. Njia ya pili ni mpiga video wa harusi, na taa yake kali, akifuata maharusi tangu asubuhi.

Uwanja wa ndege wa Eldoret ulipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, ulisutwa na wengi kuwa wa bure. Ajabu ni kwamba ndege za mizigo kutoka Ghuba ziliupenda. Nguo na vyombo vya elektroniki kutoka Dubai vilishushwa hapa, na ingawa vingi vilipakiwa kwenye malori kuelekea Nairobi, ununuzi wa Ghuba ukawa jambo la kawaida kwa wafanyabiashara wa mji. Zikafuata deki za VCD, kisha za DVD, na spika za woofa zenye taa za rangi. Duka la muvi likazaliwa: shilingi 50 kwa diski moja, baadaye nakala moja kwa moja kwenye flashi. Albamu za injili za Emmy Kosgei, zikiongozwa na wimbo "Taunet Nelel," ziliuzwa kwa picha, na wasanii wa Kikalenjin wakajua kuwa bila video hakuna soko. Walijua pia kwamba kwa kila diski halali kulikuwa na nyingine nyingi zilizochomwa kwenye kompyuta ya nyuma ya duka. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 ilikuwapo, lakini msanii alikuwa akiona nakala bandia ya kazi yake ikiuzwa hatua chache kutoka stendi ya matatu. Hilo lilikuwa dhuluma, na linabaki kuwa dhuluma hata kama sote tulifaidika nalo.

Katikati ya miaka ya 2000, Kass FM ilileta Kikalenjin hewani kutwa kucha. Mwaka wa 2015 mitambo ya runinga ya analogi ikazimwa. KTN, NTV na Citizen zikakosekana hewani kwa karibu majuma matatu katika mvutano na serikali, na nyumba zikalazimika kununua ving'amuzi. Netflix ikafunguliwa Kenya Januari 2016, Spotify Februari 2021. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, umati ulijaa barabarani Eldoret kuangalia kwenye skrini kubwa, na waliobaki nyumbani waliangalia YouTube kwa bando la simu.

Wingi huu ni baraka, sitaki kuubeza. Kijana wa Kimumu anaweza leo kusikia Franco, Bach na Kipchamba ndani ya saa moja. Lakini tazama kilichotokea kimya kimya: kabati imekuwa tupu. Anayelipa kila mwezi hana kitu siku asipolipa. Wimbo unaoupenda unaondolewa kwa sababu mkataba umeisha kati ya kampuni mbili usizozijua. Bando likiisha, sebule inanyamaza. Tumerudi kwenye hali ya redio, sauti inayokuja na kuondoka, tofauti ikiwa tu kwamba sasa tunachagua wenyewe.

Ndiyo maana naitilia maanani kompyuta ndogo. Wazo la kuiweka sebuleni si geni. Mwaka wa 2005 Apple ilitoa Mac mini, na watu wengi Ulaya na Marekani wakaigeuza kuwa chanzo cha muziki, ikiunganishwa na amplifaya. Kabla ya hapo, kikundi cha waandishi wa programu waliokuwa wakichezea mashine ya Xbox walikuwa wameunda XBMC, ambayo tangu mwaka wa 2014 inaitwa Kodi: programu ya bure inayopanga filamu, nyimbo na picha zako kwenye skrini kwa maandishi makubwa yanayosomeka kutoka kwenye kochi. Mwaka wa 2012 ikaja Raspberry Pi, na mwaka huo huo Lenovo wakaanza kuuza kompyuta za ofisi za aina ya Tiny. HP na Dell wakafuata na za kwao. Hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Zilitengenezwa kwa ajili ya makarani wa benki na hospitali, zifungwe nyuma ya kioo zisionekane. Ofisi hubadilisha mashine baada ya miaka michache, na zile kuukuu hupakiwa kwenye kontena kuja Mombasa.

Kutoka Mombasa hadi maduka ya Nairobi, kisha kwa mabasi ya usiku kilomita 300 na zaidi hadi Oginga Odinga Street. Hapo utaiona rafuni: HP EliteDesk, upana sentimita 18 kila upande, unene kama vidole viwili, uzito wa kilo moja na robo hivi, kibandiko cha mali ya ofisi ya kigeni kikiwa kimekwanguliwa nusu. Muuzaji atakuambia ni ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, safi. Igeuze nyuma kabla ya kutoa pesa. Nyingi za zamani zina tundu la DisplayPort na la VGA, hazina HDMI, hivyo utahitaji waya wa kugeuza ili runinga ikubali. Uliza kizazi cha prosesa. Cha nne kitacheza muziki wote na filamu za kawaida, lakini filamu zilizobanwa kwa mtindo mpya wa H.265 zitakwama kwama. Kuanzia cha saba, kazi hiyo inafanywa na chipu yenyewe bila jasho. Fungua kifuniko kama atakuruhusu, utazame vumbi kwenye feni.

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za kabla ya kizazi cha nane zimeonekana kama takataka kwa ofisi, kwa sababu Windows 11 haizipokei rasmi. Kwa sebule hiyo ni neema. Linux inazipokea bila shida, na Kodi haiulizi umri.

Stima ndiyo hoja inayowashawishi wengi. Mashine hii ikicheza muziki hutumia wati 15 hivi. Saa tano kila siku kwa mwezi ni zaidi kidogo ya yuniti mbili za tokeni. Kompyuta kubwa ya zamani ya wati 80 ingekula 12. Iweke nyuma ya TV guard, kwa sababu stima ya Eldoret wakati wa mvua za mchana hukatika na kurudi kwa kishindo, na diski haipendi kishindo.

Kuhusu sauti: kompyuta huhifadhi muziki kama tarakimu, na lazima kitu fulani kizigeuze kuwa mkondo wa umeme kabla ya spika. Chipu ya ndani hufanya hivyo, lakini imekaa jirani na vitu vinavyotoa kelele za umeme, na wakati mwingine utasikia mvumo. Kifaa kidogo cha nje cha USB huondoa tatizo hilo. Mwenye woofa ya kawaida hatasikia tofauti kubwa, asisumbuke. Mwenye spika nzuri atasikia siku ya kwanza.

Ukiongeza programu ya Jellyfin, kila simu ndani ya nyumba inaweza kuvuta wimbo au filamu kutoka kwenye kisanduku hicho kupitia waifai, na hakuna hata kilobaiti ya bando inayotumika. Mtoto anaangalia katuni chumbani, mama anasikiliza kwaya jikoni, intaneti ikiwa imekatika.

Lakini thamani yake kubwa, kwangu, ni zile kanda. Chukua kaseti moja ya nyumbani. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, hadi pamba iache kutoka na rangi ya kahawia. Zungusha kanda yote mbele na nyuma mara moja ili ilegee. Pitisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, na kama haina tundu la kuingiza sauti, adapta ndogo ya USB inatosha. Fungua Audacity, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2000. Tazama vijiti vya sauti vinavyopanda: vikigusa mwisho, punguza, kwa sababu sauti iliyopasuka haitengenezeki. Kisha uache ichezwe mwanzo hadi mwisho, bila haraka. Saa moja inachukua megabaiti 635 hivi ikiwa haijabanwa, na kama nusu yake ukiihifadhi kwa FLAC, ambayo haipotezi chochote. Diski ya gigabaiti 500, ile inayokuja na mashine nyingi za ex-UK, inabeba takriban saa 1,500.

Halafu andika jina la faili vizuri: nani anaimba au kusema, wapi, mwaka gani, kwa lugha gani, kanda ilikuwa ya nani. Hugh Tracey alijaza kadi kwa kila wimbo, na ndiyo maana mwaka wa 2015 iliwezekana kurudi Kapkatet na kuuliza watu kwa majina. Faili iliyoandikwa "Track 01" itakuwa bubu kwa wajukuu.

Mikanda ya VHS inahitaji kushughulikiwa haraka zaidi. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki zake, iliacha Julai 2016. Deki zilizobaki Eldoret ni hizo zilizopo, na mafundi wanaojua kubadilisha mipira yake ni watu wazima. Waya wa njano, mweupe na mwekundu, kifaa cha kunasa picha cha USB, na saa tatu za uvumilivu ndivyo vinavyohitajika kwa harusi moja ya mwaka wa 1992. Ukimaliza, weka nakala ya pili kwenye diski nyingine na uipeleke nyumba nyingine kabisa, kwa shangazi Kapsabet au kwa ndugu Iten, kwa maana moto na mwizi havichagui. Na ukipata kanda ya Kipchamba au ya kwaya yenye jina la mtu, jiwekee nakala ya nyumbani, usiiuze kwa flashi sokoni.

Jirani mwenye deki inayofanya kazi anafaa kuombwa mwezi huu.